Ajali haina kinga? Barua zenu kuhusu wajenzi wa maghorofa ya New York

Wiki mbili zilizopita nilizungumzia hapa ile picha ya wanaume 11 waliokaa juu ya boriti ya chuma wakila chakula cha mchana, miguu ikining'inia juu ya jiji la New York. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Wengi wenu ni watu wa kazi hiyo hiyo: mafundi wa nondo, wachomeleaji, vibarua wa zege, na wake zao. Nimechagua nane. Majina nimeyaacha kama wengi mlivyoomba.

Shikamoo. Niko kidato cha tatu hapa Voi. Darasani tumebishana, wengine wanasema ile picha imetengenezwa kwa kompyuta. Ni ya kweli?

Marahaba, mwanangu. Ni ya kweli. Ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932 kwenye bamba la kioo, kama picha nyingi za magazeti za enzi hizo. Jengo ni lile la RCA katika Rockefeller Center, ghorofa ya 69, kiasi cha mita 260 kutoka barabarani. Wale wanaume walikuwa wafanyakazi wa pale pale.

Lakini mbishi wenu naye hajakosea kabisa. Wenye mradi walitaka jengo lizungumzwe ili lipate wapangaji, kwa hiyo walileta wapiga picha na wafanyakazi wakapangwa kwenye boriti. Siku hiyo hiyo wengine walipigwa picha wakiwa wamejilaza juu ya chuma kama wamesinzia. Gazeti la New York Herald Tribune likaichapa ile ya chakula tarehe 2 Oktoba. Kilichopangwa ni ule mkao. Boriti, urefu na kukosa kamba vilikuwa mambo ya kila siku.

Ukiitazama tena, anza upande wa kushoto, pale wawili wanapowashiana sigara. Halafu pitisha jicho vichwani mwao wote: kofia za kitambaa. Hakuna hata kofia moja ngumu, hakuna mkanda kiunoni. Ulikuwa mwaka wa mdororo mkubwa wa uchumi, na Marekani karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Aliyekataa kupanda alijua getini kuna foleni ya watu wanaoitaka nafasi yake.

Fundi mwenzako wa kuchomelea, Keko. Uliandika kwamba majengo yale hayakuchomelewa. Sasa vile vyuma vilishikana na nini?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Vilishikana kwa ribiti. Ukifika Kigoma, itazame meli ya Liemba ubavuni: zile safu za vichwa vya chuma vilivyovimba kama vifungo vya shati ndizo ribiti. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikaletwa ndani ya masanduku na kuungwa upya Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Meli hiyo na maghorofa ya New York ni ufundi wa ukoo mmoja.

Ribiti ni kipande cha chuma kinene kama kidole gumba, chenye kichwa upande mmoja kama uyoga. Ili kazi iende, walihitajika watu wanne, na kila mmoja alikuwa na lake.

Wa kwanza alikaa na jiko la makaa juu ya mbao chache zilizotandazwa kwenye boriti, akichochea moto kwa feni. Aliisoma ribiti kwa rangi yake kama mhunzi yeyote: ikipoa mno haifinyangiki, ikizidi moto inaungua. Ilipoiva aliichukua kwa koleo na kuirusha. Ndiyo, aliirusha hewani, wakati mwingine mita 15 au zaidi, kumwendea mwenzake wa pili. Huyo alikuwa na mkebe wa bati mkononi, akaidaka ndani yake, kisha akaitoa kwa koleo, akaigonga kwenye boriti kuikung'uta majivu na kuisukuma tunduni. Wa tatu alikandamiza kichwa chake kwa mtaimbo mzito ili isirudi nyuma. Wa nne, upande wa pili, akaishindilia kwa nyundo ya hewa mpaka ncha ikafanya kichwa cha pili. Ikipoa, ribiti hunywea na kuzikaza zile sahani za chuma zisiachane. Wakahamia tundu linalofuata. Kundi zuri liliweza kupiga mamia kadhaa kwa siku.

Sasa weka hatari ndani ya picha hiyo. Mdakaji amesimama juu ya ubao wa jukwaa lililofungwa kwa kamba. Jicho lake liko kwenye kipande chekundu kinachomjia, wala si kwenye miguu yake. Akikikosa, chuma cha moto kinaelekea mtaani, ambako watu wanapita na mizigo yao. Akijinyoosha kupita kiasi ili asikikose, anakifuata. Na yule wa nyundo ameegemeza uzito wake wote kwenye mashine inayomtikisa mifupa. Ribiti ikichomoka ghafla, mbele yake hakuna kitu cha kumzuia.

Ndiyo maana watu wanne hawa walichaguana wenyewe na hawakubadilishwa ovyo. Mmoja akiugua, mara nyingi wote wanne waliacha kazi siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyetaka kurushiwa moto na mkono asioujua. Wewe na mimi tunaoshika elektrodi tunajua maana ya kumwamini aliyekushikia kipande. Kwao ilikuwa hivyo, na chini ni mita 200 za hewa tupu.

Nyundo ile iliwaua masikio. Mzee wa ribiti aliyesikia vizuri alikuwa adimu. Kuanzia miaka ya 1950, bolti za nguvu nyingi na kuchomelea vikazisukuma ribiti nje ya majengo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Kisauni. Mume wangu ni saidia fundi. Hivi wale wa zamani wengi walikufa kwa kuanguka tu, au kuna mengine?

Kuna mengine, mama, na ni vizuri uyajue. Chukua jengo la Empire State. Ujenzi wake ulianza Machi 1930, likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931, likiwa na ghorofa 102. Siku nyingine watu zaidi ya 3,000 walikuwa kazini kwa pamoja, na fremu ya chuma ilipanda kwa wastani wa ghorofa nne na nusu kila wiki. Taarifa rasmi inahesabu vifo 5. Mmoja aligongwa na lori. Mmoja alitumbukia kwenye shimo la lifti. Mmoja alipigwa na winchi ya kupandishia mizigo. Mmoja alikuwa mahali baruti ilipolipuliwa. Mmoja tu ndiye aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa. Yalikuwapo madai kwamba waliokufa ni wengi zaidi ya hao, hadi 42, lakini wenye kazi walibaki na hesabu yao.

Kwa hiyo mume wako akikwambia kwamba leo yuko chini, hapandi juu, usishushe pumzi haraka. Kinachoanguka si watu peke yao. Kitu cha chuma kikidondoka kutoka mita 100 kinafika chini kwa sekunde nne na nusu hivi, kikienda karibu kilomita 160 kwa saa. Bolti, nyundo, ribiti iliyokosa mkebe, kipande cha mbao: vyote viliwapata watu waliokuwa wamesimama salama kabisa.

Nami lilinipata upande wa pili. Nikiwa kijana nilifanya kibarua kwenye jengo la ghorofa sita. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, mikono yangu ina mafuta, na spana namba 24 ikaniponyoka. Iligonga ukingo wa jukwaa, ikadunda, ikapotea. Nilibaki nimekodoa macho nikisubiri mlio. Ulikuja, kisha kimya, kisha mtu chini akaporomosha matusi ya nguoni. Nikakaa chini pale pale kwenye ubao, miguu haina nguvu. Yule anatukana, basi yuko hai. Jioni nilikwenda kumwomba radhi na nikamkuta ana umri wa baba yangu. Tangu siku hiyo kila kifaa changu nilikifunga kamba mkononi.

New York waliongezewa na baridi. Umande wa asubuhi juu ya chuma, barafu nyembamba isiyoonekana, vidole vilivyokufa ganzi. Na upepo. Boriti ikiwa inaning'inia kwenye winchi, upepo ukiikamata inageuka kama mlango uliofunguliwa kwa teke, na waliokuwa wakiisubiri waiunge walikuwa wamekaa ukingoni kabisa, kila mmoja juu ya nguzo yake.

Salamu kutoka Bukavu. Nilisikia Wahindi Wekundu ndio waliojenga maghorofa hayo kwa sababu wamezaliwa bila woga wa urefu. Ni ukweli?

Kwanza tuwaite kwa jina lao: Wamohawk, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Wengi walitoka Kahnawake, kijiji kilicho ng'ambo ya mto Saint Lawrence karibu na Montreal, Kanada. Mwaka 1886 daraja la reli lilipojengwa kwenye ardhi yao, vijana wao waliajiriwa kama vibarua, wakaanza kupanda kwenye vyuma, wakajifunza kazi ya ribiti. Baba akamfundisha mwana, mjomba akamchukua mpwa.

Hiyo ya kuzaliwa bila woga siipendi, na wao wenyewe wameikataa mara nyingi. Wamesema wanaogopa kama mtu mwingine yeyote, ila wamejifunza kuubeba woga. Hadithi ya mtu asiyeogopa inampendeza tajiri, kwa sababu asiyeogopa haombi wavu.

Nikueleze kilichowapata. Tarehe 29 Agosti 1907 walikuwa wakijenga daraja karibu na jiji la Quebec, ambalo kati ya nguzo na nguzo lingekuwa na mita 549. Wahandisi walikuwa wamerefusha nafasi ile bila kuhesabu upya vizuri uzito wa chuma. Siku kadhaa kabla, watu wa pale darajani waliona mihimili ya chini inapinda. Habari zikapelekwa New York kwa mhandisi mshauri, Theodore Cooper, naye siku ya ajali akapeleka telegramu kwenye kampuni ya chuma kwamba wasiongeze mzigo wowote. Ujumbe haukufika darajani kwa wakati. Jioni, watu wakikaribia kufunga kazi, upande mzima wa kusini uliporomoka mtoni kwa sekunde kama 15. Walikufa watu 75, na 33 kati yao walikuwa wanaume wa Kahnawake. Kijiji kimoja, jioni moja. Makaburi yao yaliwekwa misalaba ya boriti za chuma.

Inasimuliwa kwamba wanawake wa Kahnawake ndio waliotoa amri baada ya hapo: wanaume wasiende tena wote kwenye kazi moja. Wagawanyike, ili msiba ukija usizoe kijiji kizima. Wakatawanyika, wengi wakaishia New York, wakapanga Brooklyn, wakashiriki majengo makubwa ya miaka ya 1920 na 1930, na mwisho wa wiki wakirudi kwao kwa mwendo wa saa nyingi barabarani. Wanawake wale walifiwa na waume na wana, na wao ndio waliokuja na mpango wa kupunguza vifo. Wenye makampuni hawakuwatangulia.

Jengo refu kama lile linayumba kwa upepo? Tanga.

Yote marefu huyumba kidogo, na ni salama yayumbe kidogo kuliko yakatike. Empire State ni zito na gumu, halisogei sana. Kwa mjenzi shida ilikuwa ule upepo unaompiga yeye, wala si mwendo wa jengo.

Aliyekufa kazini, mkewe alilipwa? Nimefiwa na kaka yangu kwenye ujenzi, ndiyo maana nauliza. Mwanza.

Pole sana, dada. Mungu amlaze kaka yako mahali pema.

Mwanzoni mjane alitakiwa aende mahakamani kushtaki. Huko mwajiri alikuwa na majibu matatu tayari: marehemu alijua hatari na akaikubali, au kosa ni la mfanyakazi mwenzake, au yeye mwenyewe alizembea hata kama ni kidogo. Jibu moja tu likikubaliwa, mjane alirudi nyumbani mikono mitupu. Jimbo la New York lilitunga sheria ya fidia mwaka 1910. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta, ikisema inamnyang'anya mwajiri mali yake bila kosa. Kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua katikati ya jiji hilo na kuua watu 146, wengi wao wasichana washonaji. Wengine walijirusha madirishani kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Ilibidi katiba ya jimbo ibadilishwe mwaka 1913 ndipo fidia ikarudi mwaka 1914.

Kama kaka yako alifia Tanzania, ulizia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hata kama mwajiri amewaambia hakuna kitu. Mchango wa mfuko ule hutolewa na mwajiri peke yake, marehemu hakukatwa mshahara. Nenda na cheti cha kifo na chochote kinachoonyesha aliajiriwa, na usikawie.

Mimi ni mwashi mstaafu, Morogoro. Wazee walitufundisha ajali haina kinga. Naona unawaonea matajiri wa wakati huo. Kazi ya juu ni ya hatari, basi.

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, na kwa hili nitakupinga kwa adabu.

Matajiri wa wakati ule nao walikuwa na msemo kama huo, wa kwao ukiwa na hesabu ndani: katika kazi kubwa, tegemea mtu mmoja afe kwa kila dola milioni moja. Waliandaa bajeti ya chuma, ya saruji, na kifo wakakiweka humo humo.

Akaja Joseph Strauss, mhandisi mkuu wa daraja la Golden Gate kule San Francisco, lililoanza kujengwa mwaka 1933. Gharama ilikuwa kama dola milioni 35, kwa hiyo kwa desturi ile wangezikwa watu 35. Strauss akaagiza kofia ngumu kwa wote. Wafanyakazi waliojionyesha ushujaa juu ya vyuma walifukuzwa. Kisha akatandaza wavu wa kamba chini ya daraja lote, uliotokeza nje kila upande, kwa gharama ya dola 130,000 hivi. Mzee wangu, watu 19 walianguka kwenye wavu ule wakaishi. Wakaunda chama chao cha kirafiki wakakiita Klabu ya Nusu Njia ya Kuelekea Jehanamu.

Hadi Oktoba 1936 hakuna aliyekufa. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito likakatika, likauchana wavu, wakafa watu 10 kwa mara moja; jumla kwa daraja zima wakawa 11. Sisemi wavu ni muujiza. Nasema kama usingekuwapo, hesabu ingekuwa 30.

Na jengo la Chrysler la New York, mita 319, lililokamilika 1930, lilijengwa bila kupoteza mtu, ijapokuwa mnara wake ulikuwa mrefu na kazi ilikwenda mbio. Wakati ule ule wa Empire State, jiji lile lile, upepo ule ule. Kinga ilikuwapo, mzee. Wengine waliilipia, wengine wakaona ghali.

Kaka, niko Mbagala, tunajenga ghorofa ya tisa. Tupo wanne ukingoni na mkanda mmoja. Msimamizi anasema tupokezane. Nikikataa nafukuzwa. Nifanye nini?

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kinga. Mkanda mmoja kwa watu wanne si kinga. Malalamiko hupokelewa na OSHA, wakala wa serikali. Hiyo ni njia ya sheria, na najua kesho asubuhi wewe unahitaji njia ya kesho asubuhi.

Kagua huo mkanda mmoja. Uwe wa mwili mzima, wenye kamba za mabegani na za mapajani, na ndoano iwe mgongoni kati ya mabega. Ule wa kiunoni tu, mtu akianguka unaweza kumvunja mgongo. Pitisha kidole kwenye mishono yote. Penye uzi uliokatika au palipoungua kwa cheche za kuchomelea, usiuvae. Kama kuna aliyewahi kuanguka nao, ni wa kutupa. Ndoano ifungwe juu ya kichwa chako, kwenye nguzo au nondo zilizokwisha kushikwa na zege, kamwe si kwenye mrunda wa jukwaa ambao utaanguka pamoja nawe. Na kabla hujapanda, mkubaliane nani atamvuta anayening'inia, kwa sababu mtu akining'inia kwenye kamba muda mrefu damu hushindwa kurudi moyoni.

Asiye na mkanda asifike ukingoni. Afanye kazi ya ndani, achanganye, apandishe.

Na usiende kwa msimamizi peke yako. Wale watu wa ribiti, mmoja akikosekana, wote wanne walikaa chini, na bosi akalazimika kuwasikiliza kwa sababu hakuweza kuwafukuza wanne na kazi ikaendelea siku hiyo. Nyinyi ni wanne. Nendeni wote, kwa heshima, kabla ya kazi kuanza, mkaombe mikanda mitatu. Andika kwenye simu yako tarehe uliyoanza kazi, jina la msimamizi na majina ya wenzako watatu, umtumie mke au ndugu yako.

Kisha niandikie amejibu nini.